Kusoma Picha Kabla ya Kufungua Kifuniko: Hitilafu za Televisheni za Chogo

Katika nyumba moja ya Mikindani, mkoani Mtwara, hatua chache kutoka ufukweni, ipo televisheni ya inchi 21 ambayo mwenyewe, bibi mmoja aliyekwisha kula chumvi nyingi, alinieleza ugonjwa wake kwa maneno machache yaliyoshinda maelezo ya mafundi wawili waliotangulia kuiona. "Mwanangu," alisema, "hii inaamka na usingizi. Ukiiwasha asubuhi watu wote wana ukungu usoni. Mpaka chai iive na tuinywe, ndipo inafumbua macho." Fundi wa kwanza alikuwa ameigeuza fokasi, yaani kirekebishi cha ukali wa picha, hadi picha ikatulia, lakini kesho yake asubuhi ukungu ukarudi, na mchana picha ikawa mbaya kuliko mwanzo. Wa pili alitangaza kwamba kioo kimechoka na hakina dawa, akashauri inunuliwe ya bapa. Wote wawili walipita juu ya mambo mawili ambayo bibi alikuwa amekwisha kuyasema bila kuulizwa: kwamba ugonjwa unapungua chombo kikipata joto, na kwamba unazidi msimu wa mvua.

Nitarudi Mikindani baadaye. Kwanza nataka kueleza kwa nini televisheni ya chogo, ile nene yenye kisogo nyuma, inastahili kusomwa kabla ya kufunguliwa. Televisheni ya bapa ikiharibika, mara nyingi huzima tu au huonyesha alama ambazo hazimwambii mtu mengi. Ile ya chogo huchora picha yake kwa mwale mmoja mmoja, mstari kwa mstari, na kila sehemu ya mashine ina kazi yake katika uchoraji huo, kwa hiyo sehemu ikiugua huacha alama yake kwenye uso wa kioo. Anayejua picha inavyochorwa anaweza, akiwa bado amekaa kwenye mkeka, kusema bodi ipi iguswe na ipi iachwe. Asiyejua hubadilisha vipuri mpaka fedha za korosho ziishe.

Ndani ya shingo nyembamba ya tyubu ya picha, ambayo wengi huiita kioo, mna waya unaopashwa moto kwa volti zipatazo 6. Waya huo huwaka wekundu hafifu unaoweza kuuona usiku kupitia matundu ya kifuniko cha nyuma. Joto lake huzirusha elektroni kutoka kwenye kathodi. Televisheni ya rangi ina kathodi tatu, moja kwa kila rangi kati ya nyekundu, kijani na buluu, na ile ya nyeusi na nyeupe ina moja tu. Volti kubwa sana, takriban 25,000 katika televisheni nyingi za rangi, huzivuta elektroni hizo kuelekea mbele, zipite katika bamba jembamba la chuma lenye vitundu vidogo mno, kisha zigonge unga wa fosfa uliopakwa ndani ya uso wa kioo na kuufanya ung'ae. Koili za shaba zilizovishwa penye shingo, ambazo mafundi huziita yoki, huuyumbisha mwale kwa nguvu ya sumaku: jozi moja huupeleka kushoto na kulia, jozi nyingine juu na chini. Katika PAL, mfumo wa picha na rangi ambao televisheni hizi hutumia hapa Tanzania, picha nzima ina mistari 625. Mwale huchora mistari 15,625 kwa sekunde na hushuka kutoka juu hadi chini mara 50 kwa sekunde, mara moja ukichora mistari witiri, mara ya pili mistari shufwa. Jicho halioni nukta inayokimbia. Linamwona mtangazaji wa habari.

Kuna jambo moja katika mpango huo ambalo, ukilielewa, nusu ya mafumbo hufumbuka. Zile volti 25,000 hazitoki moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani. Mwale ukifika ukingo wa kulia hulazimika kurudi kushoto haraka mno ili uanze mstari mwingine, na mshtuko wa umeme unaotokea katika kurudi huko hukuzwa na transfoma maalumu iitwayo flaibaki, ambayo ndiyo inayozaa volti kubwa. Kwa hiyo kazi ya kuuyumbisha mwale kushoto na kulia na kazi ya kuupa nguvu zimefungwa nira moja: ya kwanza ikifa, kwa kawaida ya pili nayo inakufa, kioo kinabaki cheusi, na mara nyingi hata sauti hupotea kwa sababu volti ndogo za bodi nyingine nazo hutoka kwenye flaibaki hiyohiyo. Kazi ya juu na chini haimo katika nira hiyo. Ikifa, nuru hubaki.

Kwa sababu hiyo napenda kugawa maradhi ya picha katika makundi matatu: ya nuru, ya mwendo na ya ujumbe. Nuru ni kuwepo kwa mwale wenye nguvu, mwendo ni kutandazwa kwa mwale huo juu ya kioo kizima, na ujumbe ni zile taarifa za wapi pawe na mwanga, wapi pawe na giza na kwa rangi gani. Menyu ya televisheni yenyewe, ile inayotokea ukibonyeza rimoti, ni kipimo cha bure cha makundi hayo. Ikiwa menyu inaonekana safi, imenyooka na ina rangi zake kamili huku picha ya kituo ikiwa mbovu, basi tyubu, yoki na flaibaki hazina hatia. Anza kutafuta kosa kwenye antena, king'amuzi au nyaya. Ikiwa menyu nayo imepinda, imefifia au imepoteza rangi, kosa aghalabu limo ndani.

Tuanze nje, kwani huko ndiko wengi hupoteza fedha bila sababu. Chenga, zile nukta zinazorukaruka kwenye kioo, kwa mfano, hazina tena maana ileile ya zamani. Wakati wa matangazo ya analojia, ambayo kuzimwa kwake kulianza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, chenga zilimaanisha antena imegeuka, waya umekatika au kituo kiko mbali. Mawimbi ya dijitali hayatoi chenga: yakipungua, picha huganda, hukatika vipande vya mraba au hupotea kabisa na kuacha maandishi ya king'amuzi. Kwa hiyo mwenye king'amuzi akiona chenga, ajue kwamba televisheni yake haimsikilizi king'amuzi hata kidogo. Pengine mtoto amebonyeza namba kwenye rimoti ikahamia chaneli tupu, au pini ya njano ya waya wa AV, ule wa picha na sauti, imechomoka. Nimewahi kuitwa Shangani, na siku nyingine Chikongola, kwa kazi iliyoishia kwenye kitufe cha AV, na zote mbili zilinishinda kutoza. Kwa nyumba zilizo karibu na bahari, pini hizo huota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi. Zichomoe, zifute kwa kitambaa chenye spiriti, uzichomeke na kuzichomoa mara kadhaa, na picha iliyokuwa ikikatika itatulia.

Rangi ikipotea yote huku picha ikibaki safi, yenye weusi na weupe mzuri, watu huilaumu tyubu, na hapo huwa wanaionea. Weupe mzuri ni nyekundu, kijani na buluu zikiwaka kwa pamoja kwa kiasi kinachofaa, kwa hiyo picha hiyo ya kijivu ni ushahidi kwamba kathodi zote tatu ni nzima. Kilichokosekana ni kusomwa kwa rangi. Sababu ya kwanza ya kuangalia ni mfumo: mara nyingi king'amuzi au deki imewekwa katika NTSC, mfumo mwingine wa rangi, ilhali televisheni imewekwa katika PAL, au kinyume chake, na dawa ni kuingia kwenye menyu na kuchagua PAL au AUTO pande zote mbili. Ikiwa hilo halikusaidia ndipo fundi atazame upande wa krista ya megahazi 4.43, inayoshika mwendo wa rangi za PAL. Anayetaka kununua mtumba ulioletwa kutoka Japani aweke akilini kwamba huko mfumo ulikuwa NTSC na umeme wa nyumbani ni wa volti 100, hivyo televisheni iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la huko pekee, ikichomekwa kwenye volti zetu 230, huungua kabla hata mtu hajapata nafasi ya kulalamikia rangi. Soma kibandiko cha nyuma kwanza. Anayekutana na televisheni ya zamani zaidi, ya enzi za nyeusi na nyeupe, ajue kwamba huenda nayo ilitoka mbali, kwani Tanzania Bara haikuwa na kituo chake hadi 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973.

Kosa la tatu la nje ndilo linalonifurahisha kuliko yote, kwa sababu mkosaji huwa amekaa palepale akipiga muziki. Vijana wengi wakinunua sabufa huiweka ubavuni mwa televisheni, na baada ya siku chache kona moja ya kioo inakuwa ya zambarau au ya kijani hata ikionyesha mtu mwenye kanzu nyeupe. Spika zina sumaku kubwa. Sumaku hiyo huupotosha mwale na, vibaya zaidi, hulitia usumaku lile bamba la chuma lenye vitundu, kwa hiyo mwale uliokusudiwa kugonga fosfa nyekundu unaangukia kijani. Kusogeza sabufa peke yake huenda kusitoshe, kwa kuwa bamba limekwisha kushika sumaku. Hata hivyo televisheni ya rangi ina dawa yake ndani: koili iliyozungushwa nyuma ya uso wa kioo, ambayo kila unapowasha chombo kikiwa baridi hupitisha umeme mkali unaopungua haraka na kufuta usumaku huo. Ule mlio mfupi mzito unaousikia ukiwasha ndio kazi ya koili hiyo. Inaongozwa na themista ambayo ikipata moto huzuia umeme, na haitaruhusu tena mpaka ipoe, kwa hiyo kuzima na kuwasha harakaharaka hakuna maana. Sogeza sabufa angalau mita moja, zima televisheni kwa swichi kuu na si kwa rimoti, ngoja nusu saa, washa. Rudia hivyo mara tatu au nne. Ikiwa mlio wa kuwasha hausikiki kabisa na madoa hayapungui, themista imekufa. Ikiwa mlio upo na doa limekataa katukatu, uliza kama televisheni iliwahi kuanguka au kusafirishwa juu ya keria la basi kutoka Masasi: bamba lililopindika kwa kishindo halina dawa.

Sasa kifuniko. Kabla bisibisi haijagusa skrubu ya kwanza, asiyekuwa fundi na aishie hapa, na fundi mwanafunzi asome aya hii mara mbili. Tyubu ya picha ni kapasita kubwa ya kioo. Huweza kuhifadhi chaji ya maelfu ya volti saa nyingi baada ya plagi kuchomolewa. Kapasita kuu ya umeme wa ndani nayo hushika volti zipatazo 325, kwa sababu volti 230 za ukutani zikinyooshwa hufikia kilele hicho. Chaji ya tyubu hupunguzwa kwa bisibisi yenye mpini mzuri usiopitisha umeme, iliyofungwa waya unaokwenda kwenye ule msuko wa waya mtupu unaoikumbatia tyubu kwa nyuma. Ncha yake husogezwa chini ya kikombe cha mpira kilicho ubavuni mwa tyubu, hurudiwa baada ya dakika chache, maana chaji hujikusanya tena. Kapasita kuu hupunguzwa kwa balbu ya volti 230 iliyofungwa nyaya mbili, wala si kwa bisibisi tupu inayopasua na kurusha cheche. Shingo ya tyubu isiegemewe wala kuvutwa, kwani ndani yake hamna hewa, na ikikatika tyubu imekwisha. Na ukiwa umefungua, tazama kwanza kwa macho: mijusi kafiri hupenda joto la ndani, na si mara moja nimemkuta mmoja amekauka kati ya nyuzi mbili za bodi, akiwa ndiye chanzo chote cha fyuzi kukatika.

Alama iliyo rahisi kusomeka kuliko zote ni mstari mmoja mweupe, mkali, uliolala katikati ya kioo cheusi, huku sauti ikiendelea kama kawaida. Tukirudi kwenye ile nira, mstari huo unatueleza kwamba nuru ipo na mwendo wa kushoto na kulia upo. Kilichokufa ni mwendo wa juu na chini pekee. Punguza mwangaza mara moja, la sivyo mstari huo utaunguza fosfa na kuacha kovu la kudumu. Kisha tafuta chipu ya wima, inayoendesha mwendo huo wa juu na chini, ambayo aghalabu imefungwa kwenye kipande cha alumini ili kipoe, na kabla ya kuibadilisha geuza bodi uangalie miguu yake kwa kioo cha kukuzia. Mara nyingi utaona kijiduara cheusi chembamba kuuzunguka mguu mmojawapo: risasi ya kulehemu imepasuka kwa kupanuka na kusinyaa kwa joto la miaka, na mguu unagusa kwa bahati tu. Dalili yake hujulikana hata kabla ya kufungua, kwa kuwa picha ya namna hiyo huwa imeanza kwa kupotea na kurudi ukipiga ubavu wa televisheni kofi. Yeyote ambaye televisheni yake inaitikia makofi anahitaji risasi mpya, hahitaji chipu mpya. Kama risasi ni nzima, pima kama chipu inapata umeme wake. Rezista ndogo ya ulinzi iliyo njiani ikiwa imekatika, huenda chipu ndiyo iliyoiua, na kubadilisha moja bila kuipima nyingine ni kununua tatizo hilohilo mara mbili.

Ndugu wa ugonjwa huo ni picha iliyojikunja upande wa juu kama shuka, yenye nyuzi nyeupe za mshazari, au iliyofupika ikaacha utepe mweusi juu na chini. Hapo chipu inafanya kazi lakini haina pumzi ya kuurudisha mwale juu kwa wakati, na mshukiwa wa kwanza ni kapasita ndogo ya kemikali iliyo karibu nayo, ambayo imekauka kwa kukaa jirani na joto. Kapasita hizi ni bei ndogo. Weka yenye kiasi kilekile cha mikrofaradi, volti zilezile au kubwa zaidi, iliyoandikwa nyuzi joto 105 badala ya 85, na usikosee upande wa hasi.

Picha inaposinyaa pande zote nne, au pembeni pekee, wengi husema ni umeme mdogo. Kwa televisheni za zamani zenye transfoma kubwa ya chuma wanaweza kuwa na haki, na kwa mikoa ya Lindi na Mtwara, ambayo kwa miaka mingi ilitegemea majenereta ya dizeli kabla ya gesi ya Mnazi Bay kuanza kuzalisha umeme, dhana hiyo ilijengwa na uzoefu. Lakini televisheni nyingi za tangu miaka ya 1990 zina umeme wa ndani unaojirekebisha, na kibandiko cha nyuma kitakuambia kama zinapokea kuanzia volti 110 au 150. Ikiwa ni hizo, na stabilaiza haikubadili kitu, pima volti kuu ya ndani inayolisha upande wa flaibaki, ambayo kwa kawaida ni kati ya 105 na 140 kutegemea ukubwa wa kioo, na mara nyingi imeandikwa kwenye bodi yenyewe. Ikiwa pungufu, kapasita za upande wa umeme zinakupungia mkono.

Kapasita kuu ikikauka huacha alama nyingine isiyoweza kufananishwa na kitu kingine: mapande mawili mapana ya giza yaliyolala, yanayopanda au kushuka polepole, na kingo za picha zinayumba kama nguo inayopigwa na kusi. Umeme wa gridi hubadilika mara 50 kwa sekunde na dayodi nne zinazounyoosha huutoa ukiwa na mapigo 100, nao mwale hushuka mara 50. Ndiyo maana mapande ni mawili kwa kila picha. Ukiona pande moja tu, huenda dayodi moja kati ya nne imekufa. Na kwa kuwa mwendo wa mapande hayo hutokana na tofauti ndogo kati ya mapigo ya umeme na mapigo ya picha, televisheni hiyohiyo ikiwashwa kwa jenereta lisilotulia mapande hukimbia. Fundi aliyeitwa Tandahimba akaona mapande yakikimbia asidhani ameona ugonjwa mwingine.

Baada ya kubadilisha chochote upande wa umeme, usichomeke moja kwa moja ukutani. Funga balbu ya wati 60 au 100 mfululizo na waya wa televisheni. Balbu ikiwaka kwa nguvu mara moja kisha ikafifia, chombo kinavuta umeme kwa kiasi; ikibaki inawaka kwa nguvu zote, bado kuna shoti, na umeokoa transista iliyokuwa iungue.

Maradhi ya ujumbe hujionyesha zaidi kwa rangi moja. Picha ikikosa nyekundu, weupe huwa wa samawati ya kijanikijani. Ikikosa kijani, huwa wa zambarau nyekundu. Ikikosa buluu, huwa wa manjano. Haya hutokea kwenye bodi ndogo iliyovaliwa nyuma ya shingo, yenye transista tatu za rangi, na hapo pia risasi zilizopasuka ni nyingi. Kinyume chake ni rangi moja kujaa kioo kizima, kwa mfano wekundu mkali wenye nyuzi za mshazari, na wakati mwingine televisheni ikajizima yenyewe kwa kulinda uhai. Ama transista ya rangi hiyo ina shoti, ama kathodi yake imegusana na waya wa joto ndani ya shingo. Kutofautisha si vigumu: wekundu ukibadilika unapoigonga shingo kwa mpini mwepesi wa plastiki, taratibu kama anayebisha hodi kwa mgonjwa, shoti imo ndani ya tyubu. Kioo kikijaa weupe wenye nyuzi hizo za mshazari badala ya rangi moja, angalia kwanza kama zile volti 180 hadi 200 zinazolisha transista zote tatu zipo.

Nimekwisha kuona pia weupe wa namna hiyo uliotengenezwa na mkono wa binadamu. Flaibaki ina virekebishi viwili, cha juu cha fokasi na cha chini cha skrini. Picha ikififia, fundi mwenye haraka hukizungusha cha chini mpaka kioo king'ae, analipwa, anaondoka. Miezi michache baadaye tyubu iliyolazimishwa kufanya kazi kupita kiasi imechoka kweli. Ukikuta rangi ya kufungia iliyopakwa kwenye kirekebishi hicho imevunjwa, jiulize nani alipita kabla yako.

Hapo ndipo tunaporudi Mikindani. Picha ya bibi haikuwa na giza. Nyuso zilikuwa na mwanga wa kutosha, ila zilikuwa na ukungu, na baada ya dakika kumi na tano ukungu uliondoka ghafla, kwa kishindo kidogo cha "tss" kutoka nyuma, kama tone la maji juu ya kikaango. Sauti hiyo ndiyo ilinipa jibu. Pale shingo inapoingia kwenye bodi ndogo kuna kitako cha plastiki, na ndani ya kitako hicho volti ya fokasi, ambayo ni maelfu kadhaa, hupita katika kijumba kidogo chenye nafasi ya hewa iliyowekwa makusudi ili cheche zisiharibu tyubu. Hewa ya pwani yenye chumvi na unyevu huingia humo. Chuma kinaota kutu, kutu inashika maji usiku, na asubuhi volti ya fokasi inavuja kupitia kutu hiyo badala ya kufika kwenye tyubu. Chombo kikipata joto maji yanakauka, uvujaji unakatika, picha inafumbua macho. Kati ya Desemba na Aprili, mvua zinapokuwa nyingi huku kusini, kukauka kunachukua muda mrefu zaidi. Ndiyo maana fokasi iliyorekebishwa asubuhi lazima ikosee mchana: fundi wa kwanza alikuwa anapima volti inayovuja. Nilipokitoa kitako na kukipasua kijumba chake, kilikuwa na unga wa kijani kama ule wa sarafu iliyozikwa. Kitako kipya kilimaliza kazi, kisha fokasi ikarudishwa mahali pake chombo kikiwa kimewaka nusu saa. Kukisafisha cha zamani kunawezekana, lakini kutu hurudi, na kwa nyumba ya ufukweni sikushauri.

Kuchanganya ugonjwa huo na uchovu wa tyubu ni kosa la kawaida, kwa kuwa zote mbili hupungua chombo kikipata moto, lakini picha zenyewe hazifanani. Tyubu iliyochoka huanza na giza, si ukungu. Nuru hupanda polepole bila mruko, sehemu nyeupe zina mng'ao wa fedha usiopendeza, na picha hutawanyika pale tu unapoongeza mwangaza. Rangi moja huchoka kabla ya nyingine, kwa hiyo weupe huegemea upande. Wapo mafundi wanaozifufua tyubu hizo kwa kuupa waya wa joto volti zaidi kwa muda mfupi ili kuichubua kathodi. Hufaulu kwa miezi, pengine mwaka, na mara nyingine waya hukatika papo hapo. Mwenye chombo aelezwe hivyo kabla, akiwa amekaa.

Tyubu iliyokufa kabisa isiachiwe watoto waivunje shingo kwa ajili ya shaba ya yoki. Yoki huvuliwa kwa kulegeza skrubu ya kola yake na kuitoa taratibu kwa nyuma, huku tyubu imelazwa uso chini juu ya gunia. Kioo chenyewe kina madini ya risasi na kikipasuka kwa ghafla hurusha vipande usoni, na ule unga wa ndani haufai kuvutwa puani wala kumwagwa karibu na kisima.